Kulia Kwake, Kushoto Kwangu

Boksi lilishushwa na basi la Mtwara, limebonyea pembe moja,
jina la Mfaume limeandikwa kwa wino wa kuandikia magunia.
Ndani, ndege ya povu, nyepesi kushinda mtandio wangu,
rimoti yenye vijiti viwili,
na maelezo ya Kichina, kurasa kumi na sita,
ambayo baba yake hakuyasoma, na mimi vilevile.

Jumamosi, uwanja wa shule, Newala.
Mfaume akakimbia, akarusha.
Ndege ikainua pua kama mtu aliyeitwa kwa jina baya,
ikasimama hewani, ikafikiri,
ikaanguka kwa mkia.
Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu ikavunja panga.
Mwalimu Nankole, akipita na baiskeli, akasema ni betri.
Chitanda fundi redio akasema ni mawimbi.
Watoto wakasema ni Newala tu:
hapa upepo unapanda toka bondeni,
na unawajua wageni.

Mimi ni karani wa mzani.
Misimu kumi na minne nimesimama ghalani
nikitazama mshale ukitetemeka,
nikimweleza mkulima unyaufu ni nini,
naye akinitazama mdomo
kama vile korosho zilizopungua nimezila mimi.
Sijui ndege. Uzito naujua.

Usiku nikaiweka juu ya vidole viwili, kimoja kila bawa.
Mkia ukashuka. Ukashuka bila aibu.
"Imekalia matako," nikasema. Mfaume akacheka hadi akapaliwa.
Tukasogeza betri mbele, tukaishindilia sponji.
Bado.
Nikatoa sarafu ya mia mbili, nikaibandika puani kwa selotepu.
Ikatulia.
Nikaishika hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Panga la akiba lilivuma sana, likasukuma kidogo.
Mfaume akalipapasa kwa kidole:
maandishi yake yalitazama nyuma.
Tukaligeuza.

Jumapili alfajiri, kwenye mikorosho ya akina Likonde
walikuwa wanapuliza salfa.
Vumbi la njano lilisimama tuli, halina pa kwenda,
basi tukajua upepo bado umelala.
Safari hii haikupaa kwa kiburi.
Iliendelea mbele tu,
na ardhi ndiyo iliyoteremka.

Ikikupa mgongo, ndege ni mtoto mtiifu:
ukisema kulia, inakwenda kulia.
Ila ikigeuka, ikaja inakutazama,
kulia kwake ni kushoto kwako,
na mkono wangu ulikwenda ulikozoea.
Nilivyozidi kuirekebisha ndivyo ilivyozidi kuinama.
Zilikuwa simu zangu na baba yake zile zile:
kila neno nililolinyoosha lilifika limepinda.
Ikaingia mikoroshoni.

Mfaume alishuka nayo, nyusi za njano, macho yanachuruzika,
bawa moja lina ufa.
Sikumgombeza. Nani angemgombeza, na rimoti nilishika mimi?
Tukiwa tunasubiri gundi ikauke akasema,
"Mama, usifikirie kulia na kushoto.
Ikija kwako, angalia bawa linaloanguka.
Sukuma kijiti upande huohuo.
Kama unalikinga kwa mkono."
Ana miaka tisa. Hesabu alipata arobaini.

Jioni ilikuja mara nne, ikatupita utosini mara nne.

Kutua bado hatujui.
Tunasubiri betri ichoke,
halafu tunakimbia na kanga, watoto wanne wa jirani
kila mmoja na pembe yake, wakigombana ni huku, ni kule.
Mara nyingi ni kule.

Usiku baba yake akapiga.
"Inaruka?"
"Inaruka."
Akanyamaza. Nikanyamaza.
Nikalisikia bawa likianza kushuka, upande wake,
nikasukuma kijiti hukohuko:
"Na wewe, umekula?"